Daftari la Ajali la Saa Kamili

Baba yangu alikuwa mkuu wa stesheni kwa miaka thelathini na minne, na mpaka leo watu wanamwita Saa Kamili. Msidhani ni sifa tupu. Ukialikwa kwake saa saba, ukafika saa saba na dakika tano, utakuta chakula kimeshafunikwa na mwenyewe anakutazama kama mtu aliyekuja na tiketi ya jana. Mimi ni binti yake pekee, na nimekula vyakula vingi vilivyopoa.

Alipostaafu, chumba changu cha zamani alikigeuza kuwa reli. Alichukua milango miwili mibovu, akailaza juu ya miguu ya meza, akatandika njia kuzunguka pande zote. Milima aliitengeneza kwa magazeti na gundi, mmoja akautoboa handaki la kupitisha treni. Stesheni ni boksi la viatu lililopakwa rangi, na abiria ni njiti za kiberiti alizozichonga vichwa kwa wembe, akazivisha vipande vya vitambaa. Treni ni mbili, ya abiria na ya mizigo, zinatembea kwa umeme na kwa ratiba iliyobandikwa ukutani. Kila safari inaandikwa kwenye daftari: imetoka saa ngapi, imefika saa ngapi, na kama kumetokea la kutokea, sababu ni nini.

Hiyo safu ya sababu lazima niieleze. Nilipokuwa mdogo, asubuhi moja baba alipitiwa na usingizi kazini, treni ikachelewa dakika nne. Bosi wake, ambaye alimpenda, akamwambia aandike mvua, maana ni kweli ilikuwa inanyesha. Baba akaandika: "Sababu: mimi." Cheo alichokuwa anakingojea kikaenda kwa mwingine. Mama, Mungu amrehemu, alimnunia wiki nzima. Baba hakuona cha kujadili hapo. Kwake daftari ni daftari.

Sasa nije kwangu. Mimi ni mpima ardhi, na nilikuwa nimengoja miaka minne kupewa kazi ya uwandani, kupima bonde zima kwa muda wa miezi minane. Barua ilipokuja niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Tatizo ni kwamba kambini hawaruhusu wanyama, na mimi ninao wawili: paka anayeitwa Karani, kwa sababu hawezi kuona karatasi asiikalie, na mbwa mkubwa anayeitwa Mzigo, ambaye akilala mlangoni basi mlango umefungwa. Wote wawili wazee. Niliuliza marafiki, nikauliza majirani. Kila mtu alikuwa anawapenda sana, kwa mbali. Akabaki baba.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Nyumba yake ina vyumba viwili vya kulala tu, chake na hicho cha treni, na uani hakuna uzio. Kwa hiyo wangekaa kwenye reli. Akafuta miwani, kisha akatoa masharti. Mwezi mmoja wa majaribio. Zikitokea ajali tatu za kusababishwa na wanyama, nije niwachukue siku hiyohiyo. Nami nilijua kwamba nikija kuwachukua, kazi ya bondeni ndiyo basi tena.

Niliondoka roho mkononi. Karani namjua: kitu kikitembea, lazima akizabe kofi. Na Mzigo akifurahi, chochote kilicho chini ya kiuno cha mtu kinaangushwa na mkia. Kila Jumapili nilipanda kilima kutafuta mtandao, nikampigia baba, na kila Jumapili jibu lilikuwa moja: njia ni salama. Nikiuliza habari za ajali, yeye ananiuliza habari za hali ya hewa. Jumapili ya tatu nikasikia kishindo nyuma yake, kama kabati limejikwaa, kisha kimya. Nikamwuliza nini hicho. Akasema ni jirani. Jirani wa karibu anakaa ng'ambo ya barabara. Nilikata simu nikashika tama, nikijiambia kwamba mzee anangoja nifike ili anipashe uso kwa uso.

Mwezi ulipoisha niliomba ruhusa ya siku mbili. Nilifungasha virago vyangu vyote, maana nilikuwa na hakika sirudi. Baba alinipokea mlangoni, akatazama saa yake, akanikaribisha. Nilikuwa nimechelewa dakika ishirini na hakusema neno. Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Mzigo alikuwa amelala chini ya meza ya reli, juu ya blanketi ninalolijua. Ni la kitanda cha baba. Karani alikuwa ndani ya handaki, kichwa nje upande huu, mkia nje upande ule, na treni ya abiria imesimama mbele ya pua yake. Mlima wa magharibi haukuwepo kabisa. Baba akanikabidhi daftari, akasimama wima pembeni, mikono nyuma, vile alivyokuwa akisimama wakaguzi walipokuja stesheni. Nikaanza kusoma.

"Tarehe tatu. Treni ya mizigo imeacha reli darajani. Sababu: upepo mkali."

"Tarehe tisa. Abiria kumi na wawili hawaonekani. Sababu: wamesafiri kwa njia nyingine."

"Tarehe kumi na nne. Mlima umeporomoka. Sababu: mvua."

Zilikuwa kurasa sita za namna hiyo. Karibu kila siku treni ya abiria ilikuwa imekwama handakini, saa moja, saa mbili, siku nyingine saa tatu na robo, na sababu ileile: ukarabati wa njia. Chini ya kila ukurasa, kwa mwandiko wake ulionyooka, ameandika: "Ajali zilizosababishwa na wanyama: hakuna."

Nilitaka kucheka, nikashindwa.

"Baba," nikasema, "mvua imenyesha humu ndani?"

"Ilinyesha," akasema. "Tena nyingi."

Hakunitazama. Akainama kumkuna Mzigo nyuma ya sikio, na alipoendelea alikuwa kama anaongea na mbwa.

"Miaka sita tangu mama yako aondoke, treni zangu zote zimefika kwa wakati. Zinafika, na hakuna anayeshuka. Sasa nakaa kwenye kiti hicho nangoja huyu paka aamke. Namsema, namgombeza, nangoja. Nikija kutazama saa, mwanangu, siku imekwisha."

Niliona haya. Mwezi mzima nilikuwa nimehofia kazi yangu, paka wangu, mbwa wangu. Kwamba baba yangu anaishi peke yake kwenye nyumba isiyo na sauti, hilo nilikuwa nalijua siku zote, na sikuwa nimelifikiria hata siku moja.

Akachomoa kalamu mfukoni, akanionyesha mstari wa mwisho, palipoandikwa "Mkaguzi". Akafuta miwani, akaivaa, akaivua akaifuta tena. Nilipokuwa mtoto niliwaona wakaguzi wengi wakija stesheni, na sikuwahi kumwona akiogopa hata mmoja.

Nikaichukua kalamu. Nikaandika: "Nimekagua. Taarifa zote ni sahihi." Nikatia sahihi, nikaweka na tarehe.