Niliacha Karatasi Tupu, Mdogo Wangu Akatolewa Skuli

Kosa nimelifanya mie mwenyewe, kwa akili zangu timamu, na aliyeumia ni mdogo wangu. Miaka kumi na moja nimekaa nalo. Naandika hapa kwa sababu nyumbani nimeambiwa ninyamaze, na mie kunyamaza nimechoka.

Jina langu halina haja. Mdogo wangu nitamwita Salha, ingawa si jina lake. Sisi ni watu wa Mtambile, kusini ya kisiwa cha karafuu. Zamani ukisimama mlangoni kwetu, mikarafuu yote unayoiona ilikuwa ya babu yangu. Sasa imebaki michache. Lakini Baba bado anatembea kama yote ni yake, na watu wanamsalimia kwa heshima ile ile. Heshima hiyo ndiyo urithi aliobaki nao.

Mama yake Baba alifia njiani, akipelekwa hospitali kujifungua. Baba alikuwa na miaka tisa, na alikuwemo katika gari. Tangu siku hiyo akaweka nia kwamba katika watoto wake lazima atoke daktari. Mie, binti yake, ndiye niliyezaliwa mwanzo. Kabla sijajua hata kuandika jina langu, mtaa mzima ulishaanza kuniita Dokta. "Dokta, hujambo?" Nami nilikuwa naitika.

Utotoni nilifurahi, sisemi uongo. Shida ilianza nilipokua nikajijua. Yale masomo nilikuwa nayaelewa na nilikuwa nafaulu, lakini kila nikifaulu nahisi kama mlango unafungwa nyuma yangu. Mie nilipenda kitambaa. Mama yangu mdogo alikuwa na cherehani, na nikitoka skuli nilikuwa napitia kwake. Siku moja nilikata kanzu ya mtoto kwa macho tu, bila ya kupima, ikamkaa. Furaha ya siku ile sijapata kuiona darasani hata mara moja.

Nilijaribu kumwambia Baba. Nilikuwa kidato cha tatu. Nilimwambia napenda kushona, naomba nikimaliza nisomee ushoni. Akacheka, akanipapasa kichwani.

"Utashona, mwanangu. Lakini utashona watu."

Akatoka akaenda kuwahadithia wenzake barazani, wote wakacheka, ikawa ndiyo habari ya mtaa. Utamwambia nini tena mtu kama huyo? Angekuwa mkali ningegombana naye. Baba hajawahi kunipiga hata kofi. Akitoka shamba alikuwa anakuja kukaa karibu yangu ninaposoma, asiseme neno, ananitazama tu kwa raha zake. Namtazama na namwonea huruma, na natamani niinuke nikimbie.

Mtihani wa kidato cha nne ulipofika, nilikuwa nimeshaamua. Siku ya Baiolojia niliandika namba yangu ya mtihani, nikaweka kalamu chini. Msimamizi alipita mara tatu, ya tatu akaniuliza kama naumwa. Nikamtikisia kichwa. Kemia vivyo hivyo. Fizikia niliandika mistari miwili nikaikata. Masomo mengine yote niliyafanya vizuri. Niliona nimepata njia ya busara kabisa. Sayansi nikianguka, udaktari umekwisha wenyewe, Baba atahuzunika mwezi mmoja, kisha ataniacha nishone. Nani ataumia?

Matokeo yalipotoka, Baba aliyaona kwenye simu ya jirani. Wiki nzima aliswali nyumbani, yeye ambaye msikiti haumkosi, kwa kuwa alijua wenziwe watamuuliza. Mama anampelekea chakula chumbani, sahani inarudi kama ilivyokwenda.

Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu. Kumbe adhabu ilikuwa haijaanza, na wala haikuwa ya kwangu.

Salha nimempita miaka miwili. Huyo ndiye aliyekuwa na kichwa hasa. Masomo niliyoyachoka mie, yeye alikuwa akiyasoma kwa wizi kwenye madaftari yangu, nikilala mchana namkuta ameyafunua. Mtihani wa kidato cha pili aliongoza skuli yao. Lakini hakuna aliyemwita Dokta, jina lilikuwa limeshachukuliwa.

Wakati ule ule, Shangazi yetu wa Micheweni, kaskazini kabisa, dada yake Baba, alikuwa anaumwa na miguu. Alitaka mtu wa kukaa naye na kumsaidia shamba lake la mwani baharini. Baba akakata shauri Salha aende, akasema atahamishiwa skuli ya huko huko. Hayo ndiyo aliyotuambia sisi. Mama alipomsihi jikoni, tulimsikia akimjibu kwamba aliyemtegemea ameshindwa, huyo mwengine ampotezee umri wake kwa nini.

Mwalimu mkuu wa Salha akaja nyumbani. Ilikuwa Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, alikuja kwa miguu. Akamwomba Baba amwache mtoto amalize pale pale. Alisema mtoto kama huyu akihamishwa katikati atapotea, na kwamba katika kufundisha kwake hajaona wengi mfano wake. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akaniita mie. Salha alikuwa amesimama nyuma ya pazia la mlango wa ndani. Nilikuwa naviona vidole vyake vya miguu chini ya pazia.

"Sema mbele ya mwalimu," Baba akaniambia. "Mtihani ulijitahidi, au hukujitahidi?"

Nisikilize hapa. Jibu nilikuwa nalo. Ningesema, Baba, niliacha karatasi tupu kwa makusudi, Salha si mie, usimhukumu kwangu. Ni maneno ya pumzi moja. Lakini nilimtazama Baba usoni, nikaona kwamba mtoto aliyeshindwa anaweza kumvumilia, ila mtoto aliyemkataa hataweza. Na nisijitakase, nilijiogopea mwenyewe pia, maana Mama alikuwa ameshaanza kumlainisha kuhusu cherehani.

"Nilijitahidi, Baba. Masomo yale ni magumu. Sisi hatuyawezi."

Sisi! Nilisema sisi. Hakuna mtu aliyenilazimisha neno lile. Ningesema mie siyawezi, na bado ningeokoka.

Mwalimu alinitazama kidogo, kisha akaaga. Nilipogeuka, vidole chini ya pazia havipo.

Jumatatu Salha alipelekwa Micheweni na mkoba wake wa skuli begani. Uhamisho ukawa utafuatiliwa wiki ijayo, mara mwezi ujao, mara baada ya Ramadhani. Barua ikakosekana, kisha hata wa kuiulizia akakosekana. Shangazi si mtu mbaya, lakini maji yakishakupwa mwani haungoji mtu, na Salha alikuwa mwepesi wa mikono. Mwaka ukaisha. Hakukanyaga darasa tena.

Na mie nikapata nilichokitaka. Nina cherehani mbili hapo Mtambile, na kazi yangu inasifiwa. Kila skuli zikikaribia kufunguliwa, wazazi wananiletea mabinti zao niwapime sare. Nawapima mabega huku nimeinamisha uso. Mwaka mmoja nilifunga duka wiki mbili nikasema naumwa, kwa sababu aliingia mtoto wa kidato cha tatu, mwembamba, ana tabia ya kusimama kwa mguu mmoja kama Salha.

Baba siku hizi anajisifu kwangu. Wageni wakija anawaambia, huyu ndiye fundi wangu. Basi natabasamu. Kazi aliyonitakia niliikimbia, na hii niliyoichagua mwenyewe nimo ndani yake kama mfungwa. Siwezi kuiacha, maana nitasema naiacha kwa nini? Na siwezi kuifurahia.

Idi iliyopita, sikukuu zilipokwisha, nilikwenda Micheweni. Salha ameolewa huko, mumewe mtu mpole, wana watoto wawili. Nilimkuta amekaa kwenye mkeka na wasichana wanne wa skuli, anawafundisha Baiolojia. Alikuwa anatumia daftari lake la kidato cha pili, limeshonwa kwa uzi wa kufungia mwani. Mumewe aliniambia kwamba watoto wa pale huletwa kwake kabla ya mitihani, na yeye hamrudishi hata mmoja.

Wale wasichana walipoondoka, nilimwambia. Nilimwambia yote, kuanzia karatasi tupu hadi lile neno nililolisema mbele ya mwalimu. Alikuwa anakunja mkeka, akauacha. Akakaa chini, mikono magotini. Mikono yake imepasuka kwa maji ya chumvi. Nilidhani atalia, au atanifukuza. Nilikuwa tayari kwa lolote.

"Waliuliza nini?" akasema.

Sikumfahamu.

"Mtihani wa Baiolojia. Maswali uliyoyaacha. Yaliuliza nini?"

Nikamwambia nalikumbuka moja tu, lililouliza kwa nini mtu aliyepungukiwa na damu huchoka na kuhema haraka. Salha akafumba macho, akalijibu. Alilijibu lote, pole pole, kwa maneno ya darasani, kazi ya damu, hewa, moyo, kila kitu mahala pake. Alipomaliza akafumbua macho akaniuliza kama amekosea.

Hakukosea.

Nikataka kumwangukia miguuni, akanizuia. Alisema radhi haina kazi kwake kwa sasa. Kitu kimoja tu anakitaka.

"Mie sikufeli, Dada. Mie sikupewa mtihani. Nataka Baba aje hapa, aniambie kwa mdomo wake kwamba hilo analijua."

Nilirudi Mtambile. Nilikwenda kwa Baba siku tatu mfululizo, nakaa, namsalimia, naondoka na maneno yangu. Siku ya nne nilimkuta ukumbini anachambua karafuu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, anachambua kwa vidole. Nikambusu mkono, nikakaa nikachambua naye, nikaanza kusema. Vidole vyake havikusimama, karafuu huku, vikonyo huku. Nilipofika pale mwalimu alipokuja, vikasimama.

"Nani mwengine anayajua haya?"

"Salha tu, Baba."

"Basi yaishie hapo."

Nikamwambia Salha anamngoja. Akanijibu kwamba Micheweni ni mbali, magoti yanamsumbua, atakwenda siku Mungu akipenda. Mama alichungulia, akarudi ndani. Kisha Baba akasema kwa sauti ndogo ambayo sijapata kuisikia kwake:

"Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa na ndevu. Mwalimu alikuja mpaka mlangoni pangu, na mtaa mzima uliona. Sasa huyo mtoto nitamtazama kwa uso gani?"

Tuliendelea kuchambua hadi adhana ya magharibi, akainuka akaenda msikitini, na tangu siku hiyo hatujalirudia. Akinisikia nakaribia kulitaja anauliza habari za duka.

Hivi sasa mwezi wa tatu tangu siku ile unakwisha, Baba hajakwenda. Salha naye hapokei simu zangu. Anapokea mumewe, ananiambia Salha yuko mwanini, hata saa ambazo najua fika kwamba maji yamejaa na hakuna anayeweza kusimama huko. Nasema haya, mpe salamu. Namaliza, narudi kwenye cherehani.

Nilidhani nikiisema siri hii nitakuwa nimetoka ndani yake. Sijatoka. Sasa tumo watatu.

Wewe mtoto uliye skuli, unayetakiwa uwe kitu ambacho moyo wako haukitaki, nakuomba umwambie mzazi wako. Akicheka, mwambie tena. Akikasirika, mtafutie mtu anayemsikiliza, amwambie. Lakini usifanye nilivyofanya mie, kumdanganya kwa kalamu na kudhani utaumia peke yako, kwa sababu nyuma yako kuna mtu anasubiri zamu yake. Nanyi wazazi, huyo wa pili ni mtu mwengine. Mpimeni kwa kipimo chake.

Na kama umeshafanya, na kuna mwenzio anaumia kwa ajili yako, nenda ukaseme leo. Usijipe muda wa kutafuta maneno mazuri. Mie niliyapata maneno, lakini nilipoyapata Salha alikuwa hana tena darasa la kurudi.