Hodi Pasipo Mlango

Mwenye nyumba wetu aling'oa mlango wa mbele Jumatatu asubuhi, akaubeba kichwani hadi kwake, mtaa uleule. Alikuwa amempata mfanyabiashara wa madini wa Kambove aliyetaka nyumba yetu iwe ghala, naye aliona haya kutufukuza kwa mdomo. Kodi tulikuwa tumelipa. Lakini kwetu Likasi wenye nyumba wengi hufanya hivyo: unaondoa mlango, kisha baridi na wezi wanamaliza kazi.

Nilitaka kwenda kumtukana. Mama alinikataza. Tukitoka pale, pa kwenda palikuwa mahali pamoja tu: Kapolowe kwa dada yake, ambaye huomba rozari kwa sauti na kupika bila chumvi. Akajifunga kitenge, tukaenda parokiani, ambako mwanasheria mmoja, mama wa makamo, alikuwa akiwafundisha wapangaji haki zao kwenye ubao wa katekesi.

"Mwenye nyumba hafukuzake mutu," alisema. "Ni tribunal, mahakama, ndiyo inafukuzaka. Na kama mungali mule, haingie bila ruhusa yenu. Apige hodi, ajibiwe."

Mama aliinua kidole kama mwanafunzi. "Na kama mulango haiko?"

Mwanasheria alifikiri. Nadhani hilo hawakumfundisha chuoni. "Hata kama haiko."

Nilitaka tutundike pazia. Mama alikataa, akaweka kiti chake katikati ya sebule, akakaa kuchambua maharage huku akitazama barabara.

Kesho yake mwenye nyumba akaja na mfanyabiashara wake kumwonyesha ghala. Mzee yule alikuwa na adabu zake. Kung'oa mlango wa watu aliweza, lakini kuvuka kizingiti bila kukaribishwa, hapana, mama yake alimlea vizuri.

"Hodi."

Mama akachambua maharage.

"Mama, minye nakuona."

"Na minye nakuona, papa."

"Basi unikaribishe."

"Hapana."

Majirani walikuwa wameshatoka nje. Mzee akasema atatupeleka Buluo, gerezani. Mama akamjibu kwamba kabla ya Buluo kuna tribunal, na kama yuko tayari, avae viatu. Mfanyabiashara alitazama saa yake, akaenda kutafuta ghala kwingine.

Mzee hakukoma. Kila asubuhi alisimama mbele ya lile tundu, hodi, hodi, na mama akimtazama usoni bila kumjibu. Sokoni watu wakaanza kumuuliza, "Papa, leo walikukaribisha?" Nilifurahi, sifichi. Lakini tulilala kwa zamu na panga kando ya mkeka, na kila mbwa alipobweka nilimchukia mzee yule upya.

Halafu asubuhi moja akaja na mlango kichwani. Aliupachika mwenyewe, akapaka bawaba mafuta ya mawese. Alipomaliza akaufunga taratibu akiwa nje, akabisha.

"Hodi."

Mama akaweka kidole mdomoni. Safari hii, kutoka nje, hakuna aliyeweza kumwona.

Tukamsikia akiwageukia majirani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepona ugonjwa. "Mama haiko. Atakuwa ameenda ku soko."

Nyayo zake zilipopotea, mama alisimama, akasukuma komeo hadi mwisho, akaweka kiganja chake juu ya ubao. Ndipo alipoanza kulia.