Nyongeza ya Mzee Salum

Jogoo mmoja, kazi ya melini, na siku tatu za kununiwa na mke wangu: hiyo ndiyo gharama ya mdomo wangu, na aibu naisema mwenyewe kabla Temeke haijanisemea.

Nilikuwa kuli bandarini, Ujamaa ndio umepamba moto, na Hasan, mpishi wa meli moja ya Kituruki, aliahidi kuniombea kwa nahodha niwe msaidizi wake jikoni. Nikamwalika kwangu chakula cha mchana, na ili nimkolee vizuri nikaenda kwa jirani, Mzee Salum, baharia mstaafu, aniuzie Kituruki kwa jogoo. Akanipa maneno matatu: kolai gelsin, ya kumwombea mtu kazi nyepesi, hosh geldin, ya kumkaribisha mgeni, na afiyet olsun, ya kumtakia mlaji afya. Nikahesabu, nikarudia. Matatu tu kwa jogoo mzima? (Mie hata dagaa sinunui bila nyongeza.)

"Nyongeza, mzee wangu."

"Bashin sa olsun," akasema huku anamfunga jogoo miguu. "Kichwa chako kiwe kizima. Lakini lina mahali pake hilo, njoo kesho nikueleze."

Kesho! Nikamshuku papo hapo: anataka jogoo wa pili. Olsun nimeshaijua, ni "iwe", na kichwa kizima nani asiyekitaka?

Basi bandarini kolai gelsin ikanipatia sigara, nyumbani hosh geldin ikamchekesha Hasan, kwa afiyet olsun akanikumbatia, nami kwa uroho wa sifa nikamshika bega nikatoa la nyongeza, tena kwa upole. Tonge likamdondoka. Kumbe kwao hilo huambiwa mfiwa, na yeye kamwacha mama yake mgonjwa, anasubiri telegramu, na anajua asubuhi nilipita ofisi ya meli, zinakofikia telegramu. Akaangua kilio. Kina mama wakaingia kanga viunoni, "Makiwa jamani!", na mjumbe wa nyumba kumi nyuma yao anauliza maiti yuko wapi na huyu mgeni kaandikishwa kwa nani.

Mzee Salum alipoitwa kumweleza kwamba hakuna aliyekufa, Hasan alinitazama kama mwizi, akavaa viatu, akaondoka. Meli nayo ikang'oa nanga bila mie.

"Mume wangu," mke akasema, anaokota sahani, "hata msiba unauombea nyongeza?"

Jogoo bado anawika kwa Mzee Salum kila alfajiri. Nataka nimdai, lakini nimepiga hesabu mara mbili: yale matatu niliyoyalipia yalifanya kazi, lililoniumbua nilipewa bure. Nyie mnaojua biashara nishaurini, la bure linarudishwaje?