Siku Mashine za Pamba Zilipozimwa

Mwezi uliopita nilikwenda Binza, Maswa, kumwangalia mama yangu ambaye miguu imeanza kumgomea. Mchana tukiwa sebuleni, wajukuu wamebandika macho kwenye runinga, vikasikika vilio nyumba ya tatu kutoka yetu. Mama hakuuliza nani amekufa. Alisema tu, "Zimeni hicho kitu, kuna msiba." Watoto wakanuna. Mimi niliruka nikaizima mwenyewe, kama mwizi aliyeshtukiwa.

Ngoja nikueleze kwa nini, maana jambo hili nilikaa nalo kifuani miaka mingi mno.

Tulikulia kwenye kota za jineri kule Bariadi. Jineri ndicho kiwanda cha kuchambua pamba, na kota zilikuwa nyumba za wafanyakazi: safu mbili, zote sawa, chokaa juu na lami chini, uzio wa michongoma uliokatwa ukanyooka. Msimu wa pamba mashine zilinguruma kutwa nzima bila kupumua. Nyuzi nyeupe zilipepea zikatua kwenye nywele, kwenye mboga, mpaka kwenye uji. Tuliongea kwa kupayuka, mgeni akija anadhani kota nzima inagombana. Lakini tulikuwa na umeme wa jineri wakati vijiji vya jirani viko kwenye koroboi, basi tukawa tunatafuna michembe yetu ya viazi vikavu huku tukijiona watoto wa mjini. Tuliringa, nisikudanganye.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kuingia kwenye pamba. Zamani mnunuzi alikuwa ushirika peke yake, na jineri ilikuwa ya ushirika. Ghafla malori ya matajiri yakajaa barabarani, mitumba ikajaa mnadani, wanawake wakaanza kutia nywele dawa ya kalikiti. Mume wa jirani yetu, yule tuliyepakana naye ukuta, akaacha kazi jineri akaenda kununulia tajiri mmoja pamba huko Kasoli. Meneja akamwachia nyumba aendelee kukaa. Wenzake walibaki wanangoja barua za kupunguzwa kazi. Baba yangu alikuwa mtu wa mizani, na kila tarishi akionekana na bahasha, mama aliacha alichokuwa anafanya akasimama mlangoni mpaka apite.

Katikati ya hofu hiyo, jirani yule akaleta televisheni na deki ya video. Weee! Kota nzima ilihamia kwake. Mkewe, tuliyembatiza Mama Video, hakumfukuza mtu. Jioni alitandika mikeka, akatoa kile kitambaa alichofuma mwenyewe cha kuifunikia, akaweka mkanda. Sauti iliwekwa mpaka mwisho kabisa, la sivyo usingesikia kitu kwa mngurumo wa mashine. Hakuna aliyewahi kuipunguza. Mama yangu alikuwa shoga yake wa kusukana nywele na kuazimana chumvi. Alikaa mbele kabisa, akacheka kuliko wote, kisha akirudi nyumbani anabamiza sufuria bila sababu.

Halafu akafa mke wa fundi mitambo, siku ya tatu baada ya kujifungua.

Meneja aliamuru mashine zote zisimame. Umeme tu uliachwa ili pampu ivute maji ya waombolezaji. Ule ukimya sijausahau, hata kuku ulimsikia anapotembea kwenye majani makavu. Na kwetu Usukumani, kukiwa na msiba hakuna jirani wa kubaki kwake. Mtu anabeba kuni, unga, ndoo ya maji, anakwenda. Mama Video alifika wa kwanza. Karibu na saa ya kuzika, akiwa peke yake mafigani nyuma ya nyumba ya msiba, akaniita.

"Mwanangu, kimbia kwangu kaniletee sufuria kubwa, iko jikoni." Akanipa ufunguo.

Nilikuwa na miaka kumi, na sikuwahi kukaa na televisheni ile peke yangu. Nilisema nitaangalia kidogo tu. Nikawasha, nikabonyeza deki. Wakatokea wazungu wawili wanapaka rangi nyumba, ngazi inawaangusha, ndoo inamwagika kichwani. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Kwamba mashine zimezimwa wala sikukumbuka. Muziki wa wale wazungu ulitoka dirishani ukafika kwenye mikeka ya waombolezaji wakati jeneza linatolewa ndani.

Mama Video aliingia anahema, kanga imemdondoka begani. Akaizima. Nje nilisikia watu wanakuja kwa hasira. Nilijua nazabwa kofi. Badala yake akanisukuma jikoni.

"Chukua sufuria, pita mlango wa nyuma. Usiseme kitu."

Nikapita. Nyuma yangu nilimsikia akiwaambia kwamba alikuja kuchukua chumvi, akaiwasha kwa bahati mbaya. Nani angeamini? Wakasema pesa za tajiri zimemlevya, ameacha marehemu akaenda kustarehe. Baada ya mazishi wazee walikaa, wakaamua atoe ng'ombe wa kuomba radhi. Mume aliporudi kutoka Kasoli akakataa katakata, ati hayo ni mambo ya kizamani. Basi wakatengwa.

Kutengwa hujakuona wewe, omba usikuone. Hupewi moto wala chumvi. Ukifika bombani wenzako wanabeba ndoo zao hata kama hazijajaa. Asubuhi Mama Video alitoka nje akasalimia kama siku zote, "Mwangaluka!" Haikutoka sauti hata moja ya kumjibu. Siku moja nilifungua mdomo niitikie, mama akanibana mkono mpaka ukabaki na alama. Mwanae mchanga alipougua surua alimbeba peke yake hospitali, juani, watu tukichungulia madirishani. Shoga yake wa kusukana naye, yaani mama yangu, alichungulia pia.

Neno moja kutoka kwangu lingemtoa pale. Kila asubuhi nilijiambia leo nasema, na kila jioni nililala sijasema. Niliogopa fimbo, niliogopa kutengwa, niliogopa baba kuletewa bahasha kwa ajili yangu. Msimu ulipokwisha likaja gari, wakapakia magodoro na ile televisheni wakiwa wameizungushia blanketi. Hakuna aliyetoka kuaga. Mimi nilijibanza kwenye michongoma. Aliniona, akainua mkono. Nikainama chini, jamani. Mtu aliyenisitiri, nikainama nisimpungie.

Haya yote nilimweleza mama siku ile Binza, watoto wamekwenda kucheza nje. Nilikuwa nalia, mtu mzima mimi. Mama aliendelea kuchambua mchele.

"Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Nilikusikia ukicheka. Mwanangu nisimjue akicheka? Nilikuwa mkekani, nikazidisha kulia kwa sauti ili wenzangu wasikujue."

Nilimuuliza kwa nini basi alimtenga mwenzake. Akasukuma ungo pembeni.

"Baba yako alikuwa anangoja barua. Wangetutenga sisi, tungekwenda wapi? Yeye alikuwa na pa kwenda." Kisha akasema polepole, "Na kile kitu chake kilikuwa kinaniuma. Kilinichoma roho, mwanangu."

Barua ya baba ilikuja hata hivyo, mvua za kwanza tu zilipoanza. Leo jineri ile imenyamaza moja kwa moja, mabati ya kota yameng'olewa, michongoma imeota hovyo mpaka huoni mlango. Kila nyumba ina runinga yake, na hakuna anayetandikia jirani mkeka. Watu wa rika langu tukikutana tunapenda kusema enzi zile watu walipendana. Mimi nami huwa naitikia.

Nilimwambia mama kwamba nataka kumtafuta Mama Video nimpigie magoti.

"Alikufa Mwanza," mama akajibu. "Nililetewa habari mapema, kabla hawajazika."

"Ulikwenda?"

Akatikisa kichwa. Alisema habari ilizunguka kwa wote waliokaa kota, popote walipo, na kila mmoja alisubiri mwenzake aanze safari. Hakwenda hata mmoja.