Shingo Tupu kwenye Jukwaa la Mfalme Mkoma

Oeun alikuwa mmoja wa wanawake wanaong'oa majani kwenye mawe ya Angkor Thom, magofu ya mji wa kale. Mwaka ule, vita vikiwa havijaisha sawasawa, alipangiwa Jukwaa la Mfalme Mkoma, kwenye safu za mabibi waliochongwa ukutani.

Adhuhuri moja alirudi kutoka kula, akakuta bibi mmoja hana kichwa. Chenga za jiwe zilikuwa mbichi. Vumbini kulikuwa na alama za mkokoteni wenye gurudumu linaloyumba. Mkokoteni wa Phally, mume wa mdogo wake Thavy!

Alama zilielekea kusini, kwenye hekalu la Bayon. Kutoka pale Phally angekata kulia hadi Lango la Magharibi, lisilo na mlinzi. Ukuta wa mji na handaki la maji havikumwachia upenyo mwingine usiolindwa. Oeun akavua kandambili, akapita msituni nyuma ya ikulu ya kale, mbio.

Alimtangulia. Mkokoteni ulipoingia chini ya nyuso za mawe zilizochongwa juu ya lango, akasimama mbele ya ng'ombe.

"Shemeji, umebeba nini?"

"Majani makavu. Nipishe."

"Majani gani yanawatoa ng'ombe ulimi hivyo?"

Nyuma alikaa mwanamume mwenye bunduki. "Nani huyu?"

"Dada wa mke wangu. Ana maneno mengi, lakini hana neno."

"Mwondoe, au nimwondoe mimi."

Oeun akajibana ukutani. Gurudumu lilipomfikia, akachomoa kijiti kinacholishikilia. Hatua tatu tu, gurudumu likachomoka, mkokoteni ukalala, na kichwa cha jiwe kikabingirika kutoka kwenye majani.

Bunduki ikainuliwa. Phally akaruka katikati.

"Usipige! Mlio utawaleta walinzi wote wa Bayon!"

Yule mtu akatema mate, akatokomea msituni.

"Dada," Phally akasema, "tukitupe handakini. Hakuna atakayejua. Thavy ana mimba."

Oeun akaketi kando ya kile kichwa, akakiwekea mkono.

"Umeniokoa sasa hivi, sisahau. Lakini walinzi wakiniuliza, nitakutaja."

Waliuliza. Alimtaja, na hakuacha kusema jinsi alivyomkinga. Phally alifungwa miaka miwili. Kichwa kikapelekwa ghalani kuhifadhiwa, na ile shingo ikabaki tupu.

Thavy alijifungua msichana. Sokoni alimpita dada yake kama anayepita mti. Kila mwezi Oeun alimpa mama yao bakuli la sukari ya mti wa mvumo ampelekee mtoto. Bakuli lilirudi limeoshwa, bila salamu.