Hodi ya Mzaha

Mwanangu, kuna jioni moja ya mtaani kwetu Magogoni ambayo hadi leo nikiikumbuka najilaumu.

Nyinyi siku hizi mnakusanyika na vipaza sauti, mnajadili maisha huku mkichekesha watu, nami nafurahi kuwaona. Sisi tulifanya hayo hayo barazani kwetu. Mimi nilikuwa wa maswali. Rafiki yangu Chengo alikuwa wa vichekesho: ukishauliza tu, anaigiza jibu papo hapo, na watu hoi.

Jioni hiyo niliuliza: tumaini ni dawa, au ni ugonjwa? Nikalichambua kwa maneno makubwa makubwa, na nilijipenda kweli. Kisha Chengo akainuka. Akajifanya baharia aliyepotea miaka mingi, sasa anarudi kwao na sanduku tupu. Akabisha hewani kana kwamba pana mlango, akaita, "Hodi hodi, wenyewe!"

Nyuma ya watu sauti ikajibu, "Karibu, mwanangu! Karibu ndani!"

Tukaangua kicheko. Tulidhani ni mtu anamsaidia Chengo kuchekesha. Tulipogeuka tukamwona jirani yetu Bi Zuhura amesimama, mikono ameinyoosha. Mwanawe Salimu alipanda meli bandarini Kilindini akiwa kijana, na hakusikika tena. Chengo alikuwa amesahau. Wallahi sote tulikuwa tumesahau, isipokuwa mamake.

Chengo akamwendea, akapiga magoti. "Shikamoo, mama. Ni mimi, Chengo. Nisamehe."

"Marahaba. Nakujua, baba," akasema. "Lakini nimesikia hodi. Ningenyamazaje?" Kisha akanitazama mimi. "Na wewe msomi, hilo swali lako, mbona hukuja kuniuliza mimi? Si nakaa mlango wa pili tu na kwenu?"

Niliona haya kwenda kwake. Kila siku nikasema kesho, hadi tukamzika. Inaniuma, mwanangu, inaniuma sana.

Basi chekesheni, na ulizeni makubwa, siwakatazi. Lakini kabla hujaligeuza jambo kuwa swali au kichekesho, tazama ni nani analala nalo na kuamka nalo, ukamsikilize kwanza. Na ukimuumiza, usingoje haya zikutoke. Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kufurahisha watu, na akujaalie kumfikia kila anayekudai jibu angali hai. Amin.