Sanduku la Wasiojulikana

Mie sipendi kusimamiwa. Naanza na hilo maana ndiko yote yalikotokea. Shirika la umma liliponipunguza kazi, baada ya miaka kumi na miwili ya kupiga taipu huku bosi kanisimamia begani, niliapa basi, sitaki tena wa kuniuliza-uliza kila asubuhi.

Mimi na mwenzangu, mwalimu wa hesabu aliyechoka na chaki, tukafungua kiofisi Mwenge, nyuma ya wachonga vinyago. Tulikuwa na fotokopi, taipu, na barua pepe, ambayo siku hizo ilikuwa kitu kipya kabisa. Kompyuta ilikuwa moja, na laini ya simu moja. Asubuhi na jioni mashine, kwa modemu, ilipiga simu kwa kampuni ya mtandao mjini, ikavuta barua za wateja wetu wote, ikagawa kila moja kwenye sanduku la mwenyewe humo humo ndani. Mie nazichapa kwenye karatasi, watu wanakuja kuchukua.

Hiyo kazi ya kugawa ilitaka programu, na hapo tukagombana. Mwalimu aliipenda moja yenye maneno mengi: kila asubuhi inakuletea barua zote zilizokosa mwenyewe, uyasome majina, uamue za nani. Nikamwambia, "Mwalimu, nimewaponyoka mabosi, leo nisimamiwe na kompyuta?" Nikachagua nyingine, ya disketi mbili, ambayo ukishaiwasha unaisahau. Wakati wa kuiweka iliniuliza: barua isiyo na mwenyewe, nikujulishe? Hapana. Nimjulishe aliyeituma? Hapana, laini yenyewe moja, ya nini kushinda tunarudisha takataka? Basi nitaziweka kwenye sanduku la wasiojulikana. Ziweke, nikasema, na unyamaze. Mwalimu akacheka kwa uchungu. "Haya dada, shauri yako."

Na kweli, ikanyamaza. Miezi minane sikuigusa. Nilijisifu kwa kila aliyeingia mle ndani.

Mteja wetu mmoja alikuwa mama anayekaanga samaki pale kituoni. Alfajiri alikwenda Kunduchi kununua, saa nne yuko Mwenge na beseni lake. Mwanawe wa kwanza alikuwa Arabuni. Aliuza mashine ya boti ya marehemu baba yake kupata nauli, akaondoka bila kuaga, na mama kwa hasira akatamka mbele ya majirani kwamba hana radhi naye. Alinieleza yote hayo siku aliyojiandikisha. "Hasira ilishaisha zamani, mwanangu. Nangoja aombe tu, nimpe."

Nilimwandikisha kiofisi, kama nilivyofundishwa: jina lililo kwenye kadi yake ya kliniki. Alicheka. "Jina hilo hata mie sijalisikia miaka!" Nami nikacheka. Mtaa mzima ulimwita mama wa huyo mwanawe, kwa jina la mtoto, hata mie nilimwita hivyo hivyo. Lakini kwenye mashine sikuliweka.

Kila siku alichungulia dirishani. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Kuna changu?" "Hamna, mama." Nilijibu hata bila kuinua macho, maana mashine yangu ilikuwa haikosei. Siku nyingine aliniachia kipande cha samaki kwenye gazeti. Nilikula, Mungu anisamehe.

Kisha akarudi mtu kutoka Arabuni na begi la nguo za mwana wa yule mama. Kijana alikuwa ameumwa figo, wakamzika huko huko. Na huyo mtu akamwambia mama: "Mwanao alikuandikia mara tatu, kwa anuani niliyoinakili mimi mwenyewe mlangoni pa ile ofisi ya Mwenge nilipokuja likizo, akaweka mbele jina unaloitwa. Alikuwa akiuliza kila siku kama umejibu."

Mama alikuja hajabeba beseni. Alinieleza akiwa amesimama mlangoni. Nilifungua lile sanduku la wasiojulikana kwa mara ya kwanza, zilikuwemo zote tatu, kila moja na jina lake, mama wa fulani, na huyo fulani ndiye marehemu.

Mama hakujua kusoma. Ilinibidi nimsomee mie. Ya kwanza ilikuwa ndefu, imejaa salamu na habari za kazi. Ya pili ilisema yuko hospitali, anaomba radhi. Ya tatu ilikuwa mstari mmoja: "Mama, barua hazijarudi, najua umesomewa. Hata kama bado hujaniridhia, niandikie tu kwamba umekataa."

Nilitaka anitukane. Nilitaka anipige kofi mbele ya mwalimu. Alikaa kwenye benchi, akafunga vizuri ncha ya khanga yake, akasema, "Mjibu."

"Mama, lakini..."

"Nimesema mjibu."

Nikaandika alivyonitajia: nimekuridhia mwanangu, duniani na akhera, maziwa yangu yote ni halali yako. Nikapiga simu mjini. Modemu ikalia kelele zake, ikaituma, ikakata simu.

"Imefika?"

Tuliitazama ile kompyuta, yeye na mie. Haikusema kitu. Ndivyo nilivyoiagiza.